Milima Inayotazamwa na Wageni

Ndugu msikilizaji wa Mkuyuni, ukifungua mlango wako asubuhi huionei ajabu milima ya Uluguru. Imekuwapo tangu kuzaliwa kwako. Kwako wewe ni mahali pa shamba, pa kuni na pa maji. Na watu wa kale, mvua ilipokawia, walitazama Kinole kwa Kingalu. Yamkini utastaajabu ukisikia kwamba huko Ulaya wako watu wasafirio mamia ya maili, na kutoa fedha yao, ili wautazame mlima tu, kisha warudi kwao.

Walakini hata Ulaya mambo hayakuwa hivyo tangu asili. Katika bonde la Chamonix, ambalo sasa limo katika nchi ya Ufaransa, uko mlima uitwao Mont Blanc. Kimo chake chapita futi 15,700, na kilele chake hufunikwa na theluji mwaka mzima. Wenyeji waliuogopa, wakauita mlima uliolaaniwa. Mwaka 1760 mtaalamu mmoja wa mji wa Geneva, jina lake Horace-Bénédict de Saussure, akaahidi zawadi kwa mtu atakayeiona njia ya kufika juu. Ikapita miaka 26. Hata tarehe 8 Agosti 1786 wenyeji wawili wa bonde lile wakafika kileleni: Jacques Balmat, aliyezoea kutafuta mawe yang'aayo mlimani, na Michel Paccard, tabibu. Mwaka wa pili Saussure mwenyewe akapanda, na Balmat akamwongoza. Tangu hapo wageni wakamiminika, na mwaka 1821 viongozi wa Chamonix wakafanya chama chao, wakawa wakishika kazi kwa zamu. Katikati ya mji ule imesimama sanamu ya watu wawili: Balmat amenyosha mkono akionyesha kilele, na Saussure anatazama.

Ishike sanamu hiyo moyoni, kisha turudi kwetu.

Richard Burton na John Speke walifika Zungomero, chini ya milima yetu upande wa Kisaki, mwezi wa Julai 1857, wakiifuata njia ya misafara. Walikuwa na homa, nao wakingoja wapagazi. Burton aliandika habari za unyevu na maradhi ya mahali pale, akaenda zake. Mimi simlaumu sana, maana mtu anayetetemeka kwa homa haoni uzuri wa mlima. Lakini alipita chini tu.

Mwaka 1894 Mdachi mmoja, Franz Stuhlmann, alipanda mpaka Lukwangule, uwanda wa juu wenye baridi na ukungu, karibu na futi 8,000. Mwaka 1898 akaja Walter Goetze, mkusanyaji wa mimea. Huko juu alipata ua dogo limealo penye kivuli na unyevu, la jamii ya maua yale ambayo watu wa Ulaya huyapanda katika vyungu madirishani. Wataalamu wakaliita Saintpaulia goetzeana mwaka 1900. Goetze mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, mwaka 1899, karibu na Ziwa Nyasa. Na yuko chozi, ndege mdogo mnyonya maua, asiyeonekana mahali pengine po pote duniani ila Uluguru. Mwaka 1922 alipewa jina la Arthur Loveridge, Mwingereza: Cinnyris loveridgei.

Basi, Goetze hakuzaliwa akiijua njia ya Lukwangule. Wako waliomwonyesha vijito vya kuvuka, na waliochukua masanduku vichwani katika utelezi ule ambao hata leo humwangusha mtu asiye na mzigo. Ua lina jina la mgeni, na chozi vivyo hivyo. La Mluguru halimo. Balmat amesimama katikati ya mji wake.

Mwaka 2008 misitu hii ilifanywa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, na vijana wa Morogoro huwapandisha wageni mpaka Morningside, nyumba ya zamani ya Wadachi. Katika jamaa za Mkuyuni, Kinole na Matombo huenda wamo vitukuu vya wapagazi wale. Mwalimu asikiaye habari hii aweza kuwatuma wanafunzi wake wakaulize kwa bibi na babu zao; na jina likipatikana, liandikwe katika daftari la shule, pamoja na ukoo na kijiji.