Kichujio Kijivu Kififiacho: Historia ya Dhana na Uteuzi wa Istilahi

Katika fani ya upigaji picha kuna kifaa ambacho mafundi wengi hukiita filta tu, wasiongeze neno. Ni kipande cha kioo au plastiki kiwekwacho mbele ya lenzi. Sehemu yake ya juu ni ya kijivu, na kijivu hicho hufifia hadi sehemu ya chini ikabaki bila rangi. Kazi yake ni kupunguza mwanga wa mbingu ili ardhi nayo ionekane. Mfasiri akifuata Kiingereza neno kwa neno, atapata "kichujio cha densiti isiyofungamana chenye madaraja". Maneno hayo hayamsaidii msomaji kujua kifaa chenyewe, sembuse kukichagua. Tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya dhana hii yatupa istilahi iliyo bora zaidi.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Sahani za kioo za katikati ya karne ya 19 ziliathiriwa mno na mwanga wa buluu. Kwa hiyo mbingu ilitoka nyeupe tupu wakati ardhi ilipopata mwanga wa kutosha. Mfaransa Gustave Le Gray, katika picha zake za bahari za miaka ya 1856 na 1857, alitumia mara nyingine negativu mbili, moja ya mbingu na moja ya maji, akaziunganisha penye upeo. Baadaye vilitumika vichujio vya manjano vilivyofifia kuelekea chini, kwa kuwa manjano huzuia buluu. Lakini filamu za rangi zilipoenea, manjano hayakufaa tena, maana yaliipaka mbingu rangi isiyo yake. Ilihitajika rangi inayopunguza kila rangi kwa kadiri moja, nayo ni kijivu. Hiyo ndiyo maana ya "kutofungamana" hapa. Neno kijivu laieleza bila kuazima lugha ya siasa.

Ama neno densiti, asili yake ni kazi ya Ferdinand Hurter, mkemia, na Vero Charles Driffield, mhandisi, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1890. Wao waliita hivyo logi ya kadiri ambayo sahani huzuia mwanga. Mwanafunzi wa fizikia akisoma "densiti" atafikiri juu ya uzito wa kioo kwa ujazo wake, kumbe hapa jambo ni jinsi rangi ilivyokolea. Twapendekeza ukolevu. Kichujio chenye ukolevu wa 0.3 hupitisha nusu ya mwanga, yaani hupunguza hatua 1, cha 0.6 hupitisha robo, cha 0.9 hupitisha thumuni.

Kwa msamiati huo, kanuni za kuchagua zaelezeka kwa urahisi. Mpiga picha hupima mwanga wa mbingu na wa ardhi. Tofauti ikiwa hatua 3, ukolevu wa 0.6 huweza kutosha, kwa sababu mbingu kwa kawaida hung'aa kuliko ardhi na haifai kusawazishwa kabisa. Penye upeo ulionyooka, kama wa bahari, hufaa ufifiaji wa ghafla; penye milima au miti, ufifiaji wa taratibu, ama sivyo vilele vitatiwa giza. Jua likiwa linachwa, hutumika ufifiaji wa kinyume, ambao hukolea penye upeo na kufifia kwenda juu. Aidha, kichujio cha mstatili hupandishwa na kushushwa katika kishikio, hali kile cha mviringo huuweka mpaka mahali pamoja. Mfumo wa Cokin, uliotolewa Ufaransa mwaka 1978, uliieneza sana njia hiyo ya kishikio.

Siku hizi kompyuta huunganisha picha mbili kama alivyofanya Le Gray, lakini vichujio hivi vingali vinauzwa na kutumiwa. Kwa hiyo hatuna budi kuvipa jina. Twapendekeza kichujio kijivu kififiacho, pamoja na ukolevu na ufifiaji. Filta na ibaki katika mazungumzo ya studio. Bali mwalimu na mfasiri wahitaji jina linalosema kifaa kinafanya nini. Tunawaomba wasomaji wayajaribu maneno haya katika kazi zao kabla hayajatolewa uamuzi wa usanifishaji.