Santuri za Kiswahili: Kutoka Bombay ya 1928 hadi Makabati ya Wakusanyaji

Historia ya muziki wa Waswahili katika karne ya 20 imeandikwa mara nyingi kwa kutegemea magazeti, majalada ya serikali na masimulizi ya wazee, ilhali upo ushahidi mwingine uliohesabiwa kwa muda mrefu kuwa ni pambo la sebuleni tu, nao ni santuri, yaani sahani nyeusi yenye mtaro mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na tundu la katikati, ambamo sauti imechongwa. Sahani hiyo hubeba mambo ambayo karatasi haiyawezi: matamshi ya mwimbaji wa Unguja wa enzi za Sultan Khalifa bin Harub, namna fidla na udi vilivyopokezana baina ya beti, kasi ya ngoma, hata pale mwimbaji alipovuta pumzi kabla ya kupandisha sauti. Kwa kuwa kampuni nyingi zilizotoa santuri hizo zimekwisha kufungwa au kuuzwa, sehemu kubwa ya ushahidi huo imebaki majumbani mwa watu, na kwa sababu hiyo mkusanyaji wa santuri za zamani anastahili kutazamwa kama mtunza nyaraka, wala si kama mtu aliyezama katika starehe za ujana wake.

Mashine ya kwanza iliyoweza kunasa sauti na kuirudisha ilitengenezwa na Thomas Edison nchini Marekani mwaka 1877, nayo ilitumia mcheduara, lakini muziki ulipata kuwa bidhaa ya kusafirishwa melini baada ya Emile Berliner kubuni gramafoni ya kutumia sahani mwaka 1887, kwa maana sahani iliweza kubonyezwa kwa wingi kutoka katika kalibu moja ya chuma. Kwa miongo mingi sahani hizo zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu mgumu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi juu ya miti ya India na nchi jirani, uliochanganywa na unga wa mawe, na zilizungushwa takriban mara 78 kwa dakika. Gramafoni yenyewe haikuhitaji umeme, kwani ilikuwa na springi iliyokazwa kwa mkono, na sindano yake ya chuma ilipaswa kubadilishwa mara kwa mara, la sivyo ingeula mtaro. Mashine inayofanya kazi bila umeme ilifaa sana miji ya pwani na hata vijiji vya bara, na hiyo ni sababu mojawapo ya santuri kuenea Afrika Mashariki kabla ya redio.

Unguja ilikuwa imekwisha kuandaliwa kuipokea santuri. Sultan Barghash alikuwa amempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga ala za taarab, na mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa ambacho kipo hadi leo, kwa hiyo santuri za waimbaji wa Misri na zile za India zilipofika madukani zilikuta masikio yaliyozoea. Lililokosekana ni santuri ya Kiswahili. Pengo hilo lilizibwa mwaka 1928, wakati Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuuza vyungu mitaani, aliposafiri kwa meli na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Gramophone ya Uingereza, iliyojulikana kwa nembo ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni na kwa herufi HMV. Safari ya Bombay haikuwa jambo la ajabu kibiashara: biashara ya Unguja na India ilikuwa ya karne nyingi, mawakala wengi wa santuri pwani walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya India, na kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda cha kubonyeza sahani Calcutta tangu 1908. Zaidi ya hayo, ufundi wa kurekodi kwa maikrofoni ya umeme ulikuwa umeanza kutumika mwaka 1925, na kwa bahati hiyo njema sauti ya Siti ilinaswa kwa undani ambao waimbaji wa miaka michache tu iliyotangulia hawakuupata.

Mafanikio ya santuri hizo yaliwavuta washindani, na katika muda mfupi kampuni za Odeon na Columbia nazo zilikuwa zikiwarekodi waimbaji wa Unguja na Mombasa. Shaaban Robert, aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, alimtazama mwimbaji huyo kama kielelezo cha mtu aliyejiinua kutoka katika unyonge kwa kipaji chake, na mtazamo huo una haki yake; lakini msikilizaji wa leo anayeziweka santuri zenyewe juu ya mashine hugundua jambo ambalo wasifu haungeweza kulionyesha, nalo ni jinsi chombo kilivyoubana muziki. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua dakika zipatazo tatu tu. Wimbo wa taarab, ambao usiku wa arusi ungeweza kurefushwa kadiri watu walivyotunza, ulilazimika kukatwa vipande viwili, nusu ya kwanza upande mmoja na nusu ya pili upande wa pili, au kupunguzwa beti. Kwa hiyo mtafiti anayeichukua santuri kuwa ndiyo sura kamili ya taarab ya wakati ule atapotoka: santuri inamwonyesha ile taarab iliyoweza kutoshea dakika tatu, jambo ambalo nalo ni la kihistoria kwa sababu wasikilizaji wa mbali, waliojifunza nyimbo kutoka katika gramafoni, walijifunza umbo hilo lililofupishwa.

Katika miaka ya 1930 mkondo mwingine ulifika kutoka upande wa magharibi. HMV ilianza mwaka 1933 kuuza Afrika mfululizo wa santuri za muziki wa Kuba na Amerika ya Kilatini zilizotambulikana kwa herufi GV, nazo zikawa darasa la vijana wa mijini kuanzia Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, hadi Dar es Salaam. Si bure kwamba Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi ya kurekodi ikahamia Afrika yenyewe: Nairobi zikaanzishwa studio ambamo Fundi Konde na wenzake waliimba Kiswahili kwa magitaa, mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jeronimidis akaanzisha lebo ya Ngoma huko Leopoldville, na Mombasa, duka la Assanand and Sons likaanzisha lebo ya Mzuri, iliyotoa taarab za pwani pamoja na muziki wa dansi wa bendi kama hiyo ya Salum Abdallah. Lebo, yaani jina la kibiashara linalochapwa kwenye karatasi ya duara katikati ya sahani, haikuwa tangu hapo mali ya London peke yake.

Kiswahili cha Katanga, huko Kongo, nacho kimo katika hazina hii, ingawa husahauliwa na wale wanaodhani kwamba santuri za Kiswahili ni za pwani tu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka nchi nyingi za Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta Mwenda Jean Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, akipiga gitaa kwa vidole viwili huku akiimba Kiswahili cha migodini. Wimbo wake uitwao Masanga ulisambaa kwa santuri mbali na mji huo, na wapiga gitaa wa nchi kadhaa walijaribu kuuiga noti kwa noti. Hakuna kitabu cha nyakati zile kilichojali kueleza mpigaji gitaa wa mji wa migodi alivyokuwa akiutumia mkono wake wa kulia. Sahani ya dakika tatu imelihifadhi jambo hilo bila kukusudia.

Mtu akiishika santuri ya aina hii, cha kwanza kusomwa si jina la wimbo bali ni ile karatasi ya katikati kwa ujumla wake. Humo hupatikana jina la lebo, nambari ya katalogi, jina la msanii, lugha au aina ya muziki, na mara nyingine jina la mtunzi; na pembeni mwa karatasi, pale mtaro unapoishia, huwa kuna nambari nyingine iliyochongwa juu ya sahani yenyewe, ambayo ni nambari ya kalibu, inayoonyesha utaratibu ambao nyimbo zilirekodiwa. Nambari hiyo ndiyo mtaalamu huiamini zaidi, kwa kuwa karatasi huandikwa na karani na karani hukosea: tahajia ya jina la msanii mmoja huweza kubadilika kutoka sahani moja hadi nyingine. Hata pale karani alipoandika sawasawa, karatasi haimalizi ubishi. Malaika, wimbo unaojulikana duniani kuliko nyimbo nyingine nyingi za Kiswahili, ulienea kwa sauti ya Fadhili William aliyeurekodi Nairobi, lakini Adam Salim naye alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Jina lililochapwa kwenye lebo hueleza nani alitambuliwa na kampuni, wala halithibitishi nani aliyelia kwanza kwa maneno hayo.

Mageuzi ya vifaa yaliyotokea Marekani, ambako sahani ya plastiki ya mizunguko 33 na theluthi ilitolewa mwaka 1948 na ile ndogo ya inchi saba ya mizunguko 45 ikafuata mwaka 1949, yaliibadili sura ya soko la Afrika Mashariki katika miaka ya 1960. Sahani ndogo ya plastiki haikuvunjika ikianguka, bei yake ilikuwa nafuu, na ikawa ndiyo chombo cha muziki wa dansi. Hapa tena chombo kiliufinyanga muziki, safari hii kwa namna iliyozaa uzuri wake: wimbo uligawanywa pande mbili, upande wa kwanza ukabeba maneno na hadithi, na ule wa pili ukaachiwa magitaa yachemke kwa ajili ya wachezaji, hivi kwamba msikilizaji anayepindua sahani hupindua pia shughuli nzima kutoka kusikiliza hadi kucheza.

Viwanda vya kubonyeza sahani vilikuwa Kenya, na jambo hilo linaeleza mengi. Bendi za Tanzania zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, nazo kanda zikabaki redioni kwa matangazo. Bendi iliyotaka santuri ilitazama Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, kwanza na Morogoro Jazz na baadaye na Super Volcano, alifikia hivyo majumba ya Kenya sawa na ya Tanzania, na alipofariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa Januari 1979 nyimbo zake zilikusanywa katika mfululizo wa sahani kubwa ulioitwa Ukumbusho, ambao hadi leo wakusanyaji huutafuta kwa namba. Ndugu wa Kinyonga waliotoka Tanga waliweka maskani Kenya moja kwa moja na bendi yao ya Simba Wanyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa hadi 1983, njia ya kuipeleka sauti kiwandani na kuirudisha dukani ikawa ngumu, na muziki mwingi bora wa Tanzania wa miaka hiyo ukabaki kwenye kanda za redio bila kupata kuwa santuri.

Kilichoziua santuri hasa ni kaseti. Kaseti ilinakiliwa nyumbani, ilirudiwa bila idhini mitaani, na ilichukua wimbo mrefu bila kuukata. Kwa taarab ya Mombasa, ambapo maduka kama Mbwana Radio Service yalisambaza kanda za waimbaji wa arusi, hilo lilikuwa ni kurudishiwa uhuru ambao dakika tatu za shelaki ziliuchukua. Hasara yake ilionekana baadaye. Utepe wa kaseti hulegea na hushika ukungu, mara nyingi nakala yake haina tarehe wala nambari, na mtu aliyetupa santuri zake kwa sababu amezinakili mara nyingi amebaki bila kimoja wala kingine.

Wanaozitafuta santuri hizo leo, iwe katika vibanda vya Soko la Kenyatta jijini Nairobi au katika nyumba za zamani za Mombasa, Tanga na Unguja, hupambana kwanza na hali ya hewa. Sahani za plastiki zilizorundikwa kwa ulalo chumbani penye joto hupinda, nazo zikishapinda ni shida kunyooka; kwa hiyo husimamishwa wima kama vitabu, mbali na jua. Unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya mtaro, na ukungu huoshwa kwa maji safi yasiyo na chumvi na brashi laini, huku karatasi ya katikati ikikingwa. Shelaki isipakwe spiriti kamwe, kwani spiriti huyeyusha utomvu wake, na wapo waliosafisha hivyo sahani adimu kwa nia njema wakazifuta sauti. Tena mtaro wa shelaki ni mpana kuliko wa plastiki mara tatu hivi, kwa hiyo sindano ya kisasa huzama chini na kusoma taka. Sindano pana inayofaa huitoa sauti ambayo mwenye sahani alidhani imekwisha kufa.

Kazi ya kuzirudisha santuri hizo sokoni imefanywa kwa sehemu kubwa Ulaya na Marekani: John Storm Roberts alitoa mkusanyo wa nyimbo za Waswahili katika miaka ya 1980, msururu wa Zanzibara ulianza Ufaransa mwaka 2005 chini ya Werner Graebner, na mwaka 2007 Maktaba ya Uingereza ilichangia sahani za shelaki za miaka ya 1920 hadi 1950 katika mkusanyo uliotayarishwa na Janet Topp Fargion. Kazi hizo ni za kushukuriwa, na maelezo yake ni ya kitaalamu. Lakini watayarishaji wake walitegemea sahani zilizopatikana, na hapo ndipo nambari za katalogi zinapokuwa na uzito. Lebo iliyotoa sahani kwa mfululizo huacha nyuma yake orodha isiyoandikwa: ikiwa nambari moja inajulikana na ya tatu inajulikana, ile ya katikati huenda ilibonyezwa, ikauzwa na ikachezwa mahali fulani, hata kama hakuna maktaba iliyo nayo. Sahani moja yenye karatasi iliyochanika, ikitoka chini ya kitanda huko Pangani au Lamu na nambari yake ikanakiliwa kwa usahihi, huweza kulijaza pengo hilo na kuonyesha ni mwimbaji gani aliyekuwa studio siku ile, na nani alimfuata.