KAZI YA KUPANGIWA NA KAZI YA KUICHAGUA



Kikundi chetu kimetimiza miaka kumi tangu tulipokaa chini ya mparachichi mwaka 2015, akina mama 22, na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu.

Kamati ya kijitabu hiki ilituomba sisi viongozi tuandike historia. Wengi walitegemea tutaje hisa na mikopo, lakini hayo yamo kwenye taarifa ya mweka hazina. Sisi tumeona tuandike historia ya kazi, maana siku ile chini ya mparachichi tulizungumza habari za kazi kabla hatujataja senti. Kila mama alisema amechoka na kazi anayoifanya, na kila mama alisema hana njia ya kuiacha. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, kwa hiyo mtusamehe pale lugha itakapoteleza.

KAZI ZA WAZEE WETU

Wazee walitusimulia kwamba zamani za Wakilindi, toka Mbegha mpaka Kimweri ye Nyumbai aliyefariki karibu na mwaka 1862, watu wa milima hii walipeleka kodi Vugha kwa mfalme. Waliamini kwamba mfalme akipata haki yake, mvua inanyesha na nchi inapona. Kwa Kishambaa tunasema kuzifya shi. Nyumbani nako kazi ziligawanywa. Mama alilimia chakula, na mbuzi na ng'ombe walikuwa mali ya baba. Chakula kililiwa kikaisha, mali ikabaki kwa baba. Hapo ndipo shida yetu sisi akina mama ilipoanzia.

Wajerumani walipokuja, Lushoto wakaiita Wilhelmstal. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na walowezi wakachukua ardhi ya kulima. Walihitaji watu wa kuwafanyia kazi, na Washambaa walikuwa na mashamba yao, hawakuwa na haja ya kwenda. Basi katika miaka ile kabla ya vita ya 1914 likaletwa sharti la kipande. Kila mwanamume alipewa kadi, akatakiwa amfanyie mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Asipofanya, angeweza kuchukuliwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali. Baba akienda kwenye kipande, jembe la nyumbani lilibaki kwa nani? Jibu mnalo.

Huko chini bondeni kulikuwa na mkonge. Mtaalamu mmoja Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na ilipofika mwaka 1893 ilikuwa imepona 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yakatokea mashamba ya Tanga, Muheza na Korogwe. Watu walitoka mbali kuja kukata mkonge, na wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Wa kwetu nao waliteremka wakafanya vibarua, kisha wakapanda tena mlimani.

MATUTA

Waingereza walipotawala walikuwa na hofu kwamba udongo wa milima unaisha kwa mmomonyoko. Mpango wao ulianza katika bonde la Mlalo mwaka 1946, na miaka ya 1950 ukaenea sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa wapige matuta kwenye miteremko, na aliyekataa alishtakiwa akatozwa faini. Kazi hiyo ilikuwa nzito, na waliokuwa shambani kila siku ni akina mama. Bibi zetu walipiga matuta huku wamebeba watoto mgongoni. Walilalamika, watu wakagoma, na kabla Uhuru wa 1961 haujafika mpango ulikuwa umekwisha kuachwa.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Mwaka 1981 ulianza mradi wa SECAP hapa Lushoto, kwa ushirikiano wa serikali yetu na Ujerumani. Huu nao ulikuja na habari zile zile za kuzuia udongo. Lakini safari hii tuliambiwa tupande majani ya gwatemala na miti kukingama mteremko, kisha majani hayo tumkatie ng'ombe wa maziwa anayefugwa bandani. Mama akaona faida asubuhi na jioni kwenye ndoo ya maziwa. Wengi walikubali bila polisi wala faini, na mistari ile ya majani mpaka leo mtaiona mkipita njiani.

Udongo ni ule ule na mteremko ni ule ule. Kwenye matuta mama aliamriwa, na faida hakuiona. Kwenye majani alichagua, na maziwa akanywesha watoto wake. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana ndilo tulilojifunza katika miaka yetu kumi.

MKONGE KUANGUKA, MBOGA KUPANDA

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha mkonge zaidi ya tani 230,000. Baadaye zilikuja kamba za plastiki, bei ikaporomoka. Mashamba mengi yalikuwa yametaifishwa mwaka 1967, na uendeshaji wake ukadorora. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mkonge wa nchi nzima haukufika hata tani 30,000 kwa mwaka. Wanaume waliozoea kuteremka kwenda vibarua wakarudi mikono mitupu.

Ndipo mboga ikachukua nafasi. Hali ya hewa yetu ya baridi inakubali kabichi, karoti, viazi, pilipili hoho, plamu na mapichesi. Biashara ilipofunguliwa wakati wa Mzee Ruksa, malori yalianza kupanda Soni na kushuka Mombo usiku kucha kuelekea Dar es Salaam. Sisi tulikuwa wasichana wakati ule. Tulibeba matenga kichwani toka alfajiri, tukauza kwa bei ya dalali na kwa gunia la lumbesa lililojazwa mpaka likavaa kilemba. Ukikataa, karoti inaoza. Kazi ilikuwa mpya, lakini bei ilipangwa na mwingine, kama mshahara wa kipande ulivyopangwa.

Wengine walichuma chai. Nayo chai ina mitihani yake: mwaka 2013 kiwanda cha Mponde, upande wa Bumbuli, kilifungwa, na wakulima wadogo wakakaa miaka mingi wakitazama majani yanageuka msitu. Mwenye kazi moja tu, siku kazi hiyo ikifungwa naye amefungwa.

SANDUKU

Akina mama wa huku tulikuwa na upatu tangu zamani, lakini upatu ukipokea leo unakwisha leo. Hii njia ya hisa na sanduku ilianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Karibu na mwaka 2000 ikafika Zanzibar, na huku bara ikajulikana kwa jina la VICOBA. Sisi tulianza kwa hisa ya shilingi elfu moja, Jumatano hadi Jumatano. Kuna waume waliocheka. Mmoja alisema tunacheza kombolela. Leo ndiye anayebeba sanduku kulipeleka mkutanoni, na kombolela halitaji tena.

Sasa tunaeleza jambo ambalo si la kujisifu. Tumejadiliana kama liandikwe, na mwenyewe amesema liandikwe, ila jina lisitajwe.

Mwaka 2017 mwenzetu mmoja alisimama mkutanoni. Alikuwa amechuma chai kwa miaka 14 katika shamba moja. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu na mgongo ulikuwa unamuuma. Alisema anataka kuacha ashone sare za shule, kwa sababu ushonaji alijifunza kwa shangazi yake na anaupenda. Aliomba shilingi 300,000 za cherehani. Sisi viongozi tulimkatalia. Tulisema, kazi ya mshahara anayo, anaichezea ya nini? Tukasema pia, tena mbele za watu, kwamba mtu wa umri wake habadiliki. Kama mkoloni alivyowaambia bibi zetu wapi wachimbe, na sisi tulimwambia mwenzetu abaki wapi.

Hakugombana na mtu. Alikwenda mjini akakopa kwa mtu wa riba, akaweka rehani mtamba wake. Cherehani aliyouziwa ilikuwa mbovu. Mtamba ukaenda. Alirudi kwenye chai, na Jumatano iliyofuata alikuja akanunua hisa zake kama kawaida. Hapo ndipo tulipoona aibu. Angetutukana tungejitetea, lakini kwa ule ukimya wake hatukuwa na la kusema.

Tulikaa vikao viwili tukaandika utaratibu mpya, nao ndio unaotuongoza mpaka leo. Tunauweka hapa ili vikundi vingine vifaidike.

Kwanza, anayetaka kubadili kazi asiulizwe umri. Aulizwe ameijaribu wapi. Kabla ya kuacha kazi ya zamani, aifanye mpya siku moja au mbili kwa juma, angalau kwa miezi mitatu.

Pili, mkopo uanze mdogo. Wanachama wawili wanaojua kazi hiyo, au wanaomjua fundi wake, waende naye kununua chombo. Kama tungemsindikiza mwenzetu, ile cherehani mbovu ingebaki kwa muuzaji.

Tatu, aandike kwenye daftari kilichoingia na kilichotoka, na saa alizofanya kazi. Wengi tunahesabu pesa tunasahau mgongo.

Nne, akishindwa akarudi kwenye kazi ya zamani, asichekwe. Tunaye mwenzetu aliyefungua genge la chakula pale Soni, akakopesha madereva mpaka mtaji ukaisha. Amerudi kwenye viazi vyake. Yeye ndiye sasa anayewafundisha wapya habari ya kukopesha, na hakuna anayejua somo hilo kumshinda.

Basi yule mwenzetu wa chai, kwenye mgao wa mwaka 2018, alipata fungu lake pamoja na mkopo mdogo. Wawili tukamsindikiza mpaka Tanga kununua cherehani iliyotumika lakini nzima. Mwaka mzima alichuma chai siku nne na kushona siku mbili. Alianza na sare za watoto wa majirani, kisha za shule nzima. Mwaka 2019 aliaga shambani kwa heshima, akawashukuru wenzake. Leo ana cherehani tatu na wasichana wawili wanaojifunza. Kwa pesa, miezi mingine hapati kuzidi alivyopata kwenye chai, hilo tuseme kweli. Tulimuuliza, sasa umeridhika na nini? Akajibu kwamba siku hizi akichoka anajua amechoka kwa ajili ya nini.

Wapo na wengine. Mmoja aliacha kubeba matenga sasa anaotesha miche ya matunda. Wawili wanakusanya maziwa. Mmoja, ambaye hakuwahi kushika simu, anaulizia bei ya karoti mjini kabla dalali hajafika, na sisi wote tunamsikiliza kabla ya kuvuna. Na wapo wanaolima mboga vile vile kama zamani na wanaipenda. Hao nao wamechagua. Kubadili kazi si lazima kwa kila mtu, lakini mlango wapaswa kuwa wazi.

KWA VIJANA WETU

Mabinti zetu, mmesoma kutuzidi, lakini tunawaona mnakaa nyumbani mkingoja kazi ya ofisini. Msidharau sanduku la bati. Bibi yenu wa zama za matuta alikuwa na nguvu na akili kama ninyi, ila hakuwa na akiba yake wala pa kusimama aseme, "Hii sitaki, nataka ile." Ninyi mnapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama kwa elfu moja moja.

Na sisi viongozi, wa leo na watakaokuja, tukumbuke mwaka 2017. Siku mama atakaposimama na ombi linaloonekana la ajabu, tusiwe wepesi kumrudisha alikotoka. Tumwulize ameijaribu wapi, tumsindikize kununua chombo, tumpe muda.

Tunawashukuru wanachama wote, waliohama na waliotangulia mbele ya haki, waume zetu walioacha kucheka, na mwenzetu aliyeturuhusu kuandika habari yake. Kwa hiari yake, tangu mwaka jana amekubali kushika ufunguo mmoja kati ya zile kufuli tatu.



Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote