Takriri na Kinaya: Kutoka Musoma hadi Roma

Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, mwenye lugha ya Kizanaki kinywani, alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma. Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, Julius Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare. Akaisahihisha mwaka 1969.

Mtihani mkubwa wa mfasiri umo katika hotuba ya Antony mazishini. Humo Brutus husifiwa kwa neno lile lile la heshima, tena na tena, hata sifa ikageuka tusi. Hiyo ni takriri iliyobeba kinaya. Asiyeitambua atafasiri kila neno sawasawa, na Brutus atabaki mheshimiwa. Akiitambua, umma wa Roma utawaka kwa Kiswahili, na aliyekidhania lugha ya sokoni tu atakuwa amejibiwa.