Mac Fhirbhisigh: Ukoo wa Waandishi wa Nasaba Uliopoteza Jina Lake

Mada ya majina ya watu huwasumbua wanafunzi wetu kuliko tunavyodhani. Hapa Rwanda, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Burundi, baba, mama na watoto waweza kuishi nyumba moja huku kila mmoja akiwa na jina lisilohusiana na la mwenzake. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo anapokutana na jina la ukoo lililorithiwa kwa karne nyingi, huuliza: lilianza kwa nani, na nani aliamua liendelee? Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa mfano wa mbali, yaani jina adimu la Ayalandi, Mac Fhirbhisigh. Historia yake inaonyesha kwamba jina laweza kupotea ilhali wenyewe bado wapo.

Tuanze na sarufi. Katika Kiayalandi, mac ni 'mwana' na Ó ni 'mjukuu' au 'mzawa wa'. Kazi hiyo inakaribiana na ile ya bin katika majina ya Waswahili, ila bin humtaja baba mzazi, kwa hiyo sehemu hiyo ya jina hubadilika kila kizazi. Waayalandi nao walianza hivyo. Kuanzia karne ya 10, jina la babu mmoja likaganda, na vizazi vilivyofuata vikaendelea kuitwa kwalo. Kumbukumbu zao za kale zinataja kifo cha mtawala mmoja wa ukoo wa Ua Cléirigh mwaka 916, na jina hilo huhesabiwa miongoni mwa majina ya ukoo ya kale kabisa barani Ulaya. Mwanamke hatumii mac: binti wa ukoo kama huo hutumia Nic, ambalo ni mkato wa maneno yenye maana ya 'binti wa mwana wa'. Wanafunzi wanaojua binti ya Kiswahili hulielewa hili haraka.

Mac Fhirbhisigh, basi, ni 'mwana wa Fear Bisigh', na Fear Bisigh ni 'mtu wa ustawi'. Herufi fh katika Kiayalandi haitamkwi, na bh hutamkwa kama v. Kwa masikio yetu jina lote linasikika takriban kama 'mak-irivishi'. Msomaji aliweke akilini tamko hilo, maana ndilo litakalotuonyesha umbali uliopo kati ya sauti na maandishi.

Ukoo huu ulikuwa na makao Leacán, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Sligo, magharibi mwa Ayalandi. Kazi yao ya kurithi ilikuwa kutunza historia na nasaba za watawala wa eneo hilo, ukoo wa Ó Dubhda. Hawakuwa makarani wadogo. Kati ya mwaka 1397 na 1418 hivi, Giolla Íosa Mac Fhirbhisigh na wasaidizi wake waliandika Kitabu Kikubwa cha Leacán, ambacho hadi leo kinahifadhiwa Dublin. Ndani yake mna maelezo ya namna mtawala alivyosimikwa, na hapo ndipo tunapoona uzito wa waandishi hawa. Mtawala hakuitwa Ó Dubhda mpaka Ó Caomháin na Mac Fhirbhisigh walitamke jina hilo kwanza, na Mac Fhirbhisigh apitishe fimbo juu ya kichwa chake. Kwa maneno mengine, ukoo huu ndio uliokuwa na mamlaka ya kumpa mtu jina la cheo.

Mwandishi mkuu wa mwisho wa ukoo alikuwa Dubhaltach Mac Fhirbhisigh. Mwaka 1649, jeshi la Oliver Cromwell lilipotua Ayalandi, yeye alikuwa mjini Galway akikusanya nasaba za nchi nzima katika kitabu kimoja. Aliandika nasaba za Waayalandi wa asili, akaongeza na za familia zilizotoka Uingereza zamani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikamilika mwaka 1650. Watu aliowaandika walikuwa wakinyang'anywa ardhi miaka ileile, na Galway yenyewe ilisalimu amri mwaka 1652. Baadaye Dubhaltach alijipatia riziki kwa kumtafsiria na kumnakilia maandishi ya kale Sir James Ware wa Dublin. Aliuawa mwaka 1671, akiwa mzee, mahali paitwapo Doonflin katika kaunti ya Sligo. Masimulizi yanamtaja muuaji kuwa mtu wa familia ya Crofton, mojawapo ya familia za mabwana wapya wa ardhi.

Baada ya hapo jina linafifia, na sababu yake ni ya kiisimu kama ilivyo ya kisiasa. Tangu mwaka 1465 kulikuwa na sheria iliyowataka Waayalandi waishio katika eneo la Waingereza kuzunguka Dublin kujichukulia majina ya Kiingereza: ya mji, ya rangi au ya kazi. Sheria hiyo haikufika mbali, lakini katika karne ya 17 na ya 18 utawala wa Kiingereza ulienea nchi nzima. Karani wa mahakama, wakili wa bwana shamba na mkusanya kodi wote waliandika Kiingereza. Mwenye jina alitamka, karani akaandika alichosikia au alichodhani amesikia.

Matokeo yake yalikuwa ya namna mbalimbali. Mac Gabhann, 'mwana wa mhunzi', likawa Smith, nayo ni tafsiri sahihi. Mac an tSaoir, 'mwana wa fundi', wakati mwingine liligeuzwa kuwa Freeman, kwa kuwa saor lina maana ya 'fundi' na pia ya 'mtu huru'. Hapo mfasiri alichagua maana isiyohusika. Mac Conraoi likawa King kwa sababu tu mwisho wake unafanana na neno rí, 'mfalme'. Mwalimu wa tafsiri hahitaji mifano bora kuliko hii.

Mac Fhirbhisigh halikufasiriwa. Kwanza liliandikwa MacFirbis, ile f isiyotamkwa ikapewa sauti kwa kuwa ilionekana katika maandishi. Kisha likasogezwa kwenye jina ambalo makarani walikuwa wameshalizoea: Forbes. Hilo ni jina la Kiskoti, linalotokana na mahali katika Aberdeenshire, nalo halina uhusiano wowote na yule mtu wa ustawi wa Sligo. Tena Ayalandi kulikuwa na akina Forbes halisi kutoka Uskoti, waliopewa ardhi huko Longford mwanzoni mwa karne ya 17. Mji wa Newtownforbes unaitwa kwa jina lao. Kwa hiyo ukoo uliopoteza ardhi ukaishia kubeba jina la ukoo uliopewa ardhi.

Ndiyo maana swali la umaarufu wa jina hili halijibiki kwa kuhesabu tu. Forbes ni jina linalojulikana duniani. Jarida la Marekani lenye jina hilo lilianzishwa mwaka 1917 na B. C. Forbes, mzaliwa wa Aberdeenshire. Lakini kila Forbes wa Sligo au Mayo anaweza kuwa wa asili mojawapo kati ya hizo mbili. Mtafiti hutafuta dalili nyingine katika sensa za mwaka 1901 na 1911, ambazo zilirekodi dini na lugha: Forbes Mkatoliki wa Sligo anayesema Kiayalandi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa Mac Fhirbhisigh kuliko Forbes Mpresbiteri wa kaskazini. Kurudi nyuma zaidi ni vigumu, kwa kuwa moto wa mwaka 1922 uliteketeza nyaraka nyingi za taifa mjini Dublin, zikiwemo sensa za karne ya 19 zilizokuwa zimesalia.

Kitabu cha Dubhaltach chenyewe kilinusurika. Mwaka 2003 Nollaig Ó Muraíle alikichapisha kizima kwa mara ya kwanza, katika juzuu tano zenye Kiayalandi upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na jina la mwandishi limeandikwa Mac Fhirbhisigh.