Uteuzi wa mpinzani wa bingwa wa ngumi za uzito wa juu

Uteuzi wa mpinzani ni mchakato wa kuamua bondia atakayepanda ulingoni na bingwa wa uzito wa juu katika pambano linalofuata. Ngumi za kulipwa hazina ligi wala droo. Bingwa, meneja wake, promota, kampuni ya televisheni na vyama vinavyotoa mikanda huvutana mpaka jina moja libaki mezani, na mara nyingi anayestahili zaidi ndiye anayesubirishwa zaidi.

Pambano la ubingwa huwa la hiari au la lazima. Katika la hiari, upande wa bingwa hujichagulia mtu kutoka orodha ya viwango ya chama husika. Katika la lazima, chama humtaja mpinzani, na bingwa asipokubali huvuliwa mkanda. Vyama vinavyotambuliwa zaidi ni WBA, WBC (1963), IBF (1983) na WBO (1988), na kila kimoja kina viwango vyake. Kwa hiyo bingwa mwenye mikanda yote anaweza kudaiwa na wapinzani wanne kwa wakati mmoja. Oleksandr Usyk wa Ukraine alimshinda Tyson Fury mjini Riyadh Mei 2024 na kuwa wa kwanza kuishika mikanda hiyo yote minne ya uzito wa juu. Mwezi uliofuata aliuachia ule wa IBF, kwa kuwa alikuwa amefungwa na mkataba wa kurudiana na Fury huku IBF ikimdai mpinzani mwingine. Daniel Dubois, ambaye Usyk alikuwa amempiga mwaka 2023, akatambuliwa kuwa bingwa wa IBF. Mkanda huo ulirudi kwa Usyk Julai 2025, alipomwangusha Dubois raundi ya 5 kwenye uwanja wa Wembley.

Kabla vyama havijawa na nguvu hiyo, neno la mwisho lilikuwa la bingwa na promota wake, na hapo ndipo ilipo aibu kubwa ya historia ya uzito huu. Jack Johnson, Mmarekani mweusi, alilazimika kumfuata bingwa Tommy Burns hadi Sydney ndipo apate pambano, tarehe 26 Desemba 1908. Johnson alipopoteza taji mwaka 1915, mlango ulifungwa kwa mabondia weusi. Mmoja wao, Harry Wills, alimsubiri bingwa Jack Dempsey miaka mingi. Mwaka 1925 mkataba ulitiwa saini, lakini pambano halikufanyika. Mamlaka za ngumi za New York ziliposhikilia kwamba Wills atangulie, pambano la Dempsey na Gene Tunney lilihamishiwa Philadelphia, Septemba 1926. Wills hakuwahi kupigania taji hilo. Hakushindwa na Dempsey. Alinyimwa nafasi ya kujua kama angemshinda, na rekodi ya Dempsey inapaswa kusomwa pamoja na jina la Wills.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1937, nao kwa hesabu za biashara. Bingwa alikuwa James Braddock. Mpinzani aliyekuwa na haki kimichezo alikuwa Max Schmeling wa Ujerumani, kwani Juni 1936 alikuwa amemwangusha Joe Louis, Mmarekani mweusi, raundi ya 12, na mkataba wake na Braddock ulikuwepo. Lakini Ujerumani ilikuwa chini ya Hitler. Makundi yaliyopinga Unazi yalitishia kulisusia pambano hilo, na wengi waliogopa kwamba Schmeling akishinda, taji litakwenda Ujerumani lisirudi. Meneja wa Braddock, Joe Gould, alizungumza na upande wa Louis na kupata masharti ambayo promota yeyote wa leo angeyaonea wivu: mbali na malipo ya pambano, Braddock angepata fungu katika faida ya mapambano ya ubingwa ya Louis kwa miaka 10. Mapema Juni 1937 Schmeling alifika New York kupima uzito kwa ajili ya pambano lake. Alipanda mizani, akapimwa, na Braddock hakutokea. Tarehe 22 Juni, mjini Chicago, Louis alimwangusha Braddock raundi ya 8. Schmeling alipewa zamu mwaka mmoja baadaye, akamalizwa katika raundi ya kwanza.

Vyama vilipokuja na kanuni, vilizaa migogoro ya aina nyingine. Leon Spinks alimshinda Muhammad Ali Februari 1978, kisha akachagua kurudiana naye badala ya kukutana na Ken Norton, ambaye WBC ilimtaka. WBC ikamvua taji na kumpa Norton. Mwaka 1992 WBC ilimtaka bingwa Riddick Bowe apigane na Lennox Lewis, aliyekuwa amemshinda kwenye fainali ya Olimpiki ya Seoul 1988. Bowe aliutupa mkanda kwenye pipa la taka mjini London mbele ya waandishi wa habari. Wawili hao hawakukutana tena ulingoni, na hasara hiyo iliwaangukia mashabiki.

Pande mbili zisipoelewana kuhusu pambano la lazima, huitishwa zabuni: mapromota huwasilisha bahasha na mwenye kiasi kikubwa hupewa pambano. Zabuni ya Fury na Dillian Whyte, Januari 2022, ilichukuliwa na Frank Warren kwa dola 41,025,000. WBC ilikuwa imeamua mgawo wa asilimia 80 kwa 20, Fury akipata fungu kubwa. Uamuzi wa namna hii ndio unaomfanya mpinzani wa lazima akubali wakati mwingine fidia na kukaa pembeni.

Pambano la hiari lina hatari yake. Bingwa Mike Tyson alipokwenda Tokyo Februari 1990, mipango ya kumkutanisha na Evander Holyfield ilikuwa tayari inaendelea. Mpinzani wake wa Tokyo, James Douglas, alionekana kituo cha njiani tu. Tyson aliangushwa raundi ya 10. Mwaka 2019 bingwa Anthony Joshua alikuwa apigane na Jarrell Miller mjini New York, Miller akafeli vipimo vya dawa zilizokatazwa. Andy Ruiz, aliyekuwa amepigana Aprili mwaka huohuo, alimwandikia promota Eddie Hearn kwenye Instagram akiomba nafasi. Mwili wake mnene uliwafanya wengi wamdharau, ingawa mikono yake ilikuwa na kasi isiyo ya kawaida kwa uzito huo. Tarehe 1 Juni alimwangusha Joshua mara nne, na mwamuzi akasimamisha pambano raundi ya 7. Mpinzani wa kwanza wa Ruiz akiwa bingwa hakuwa wa kuchaguliwa: mkataba ulikuwa na kifungu cha marudiano, na Desemba mwaka huo, mjini Diriyah, Joshua aliirudisha mikanda yake kwa pointi.