Kishikio cha Jiwe: Pete ya Uchumba katika Nchi ya Wafua Chuma

Novemba 1861 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliingia Bweranyange, makao ya Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe. Alimkuta mtawala amevaa joho jeusi la Kiarabu, miguuni shanga za rangi, mikononi bangili za shaba nyekundu zilizofuliwa kwa ustadi. Katika maelezo hayo hamna kito hata kimoja. Mwaka 1876 mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, alionyeshwa nyumba ya hazina: bata wa shaba wenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki. Karagwe ilikuwa pia na ng'ombe wa chuma; mapokeo yanawahusisha na Ndagara, baba yake Rumanyika, anayekumbukwa hadi leo kuwa mfalme aliyefua chuma. Nyundo yenyewe ilikuwa alama ya utawala.

Naanzia hapo kwa sababu kijana wa Nyaishozi, Karagwe, anayetaka kumvisha mchumba wake pete ya almasi huuliza habari za jiwe tu: ukubwa wake, weupe wake, bei yake. Dhahabu inayolishika haiulizi. Wazee wake wangeanza na kazi ya fundi.

Pete haikuwa na nafasi katika posa ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe. Uchumba ulifungwa na wazazi wa pande mbili kupitia mshenga, kwa pombe ya ndizi na mahari, na ushahidi wake ulikuwa watu waliohudhuria. Madini ya urembo yalikuwepo, na shaba kutoka pwani ilifika kwa misafara iliyopitia Tabora hadi Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu karibu na Bweranyange, lakini hayakuwa hati ya ndoa. Pete ya ndoa ilikuja na ibada ya Kikristo. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki, walijenga misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na Walutheri wa Misheni ya Betheli wakafuata mwaka 1910. Pete ya uchumba yenye kito ilifuata baadaye sana, ikitokea mijini.

Huko Ulaya nako historia yake ndefu ni historia ya kishikio. Mwaka 1477 Maximilian wa Austria alimpa Mary wa Burgundy pete ya almasi, na huo ndio mfano wa kale unaotajwa zaidi. Kwa karne nyingi baada ya hapo mafundi waliliketisha jiwe ndani ya kikasha cha dhahabu kilichozibwa chini, wakalitandikia karatasi nyembamba ya fedha ili mwanga urudi juu. Namna hiyo ililinda jiwe vizuri, ila ililiacha gizani. Almasi zilipoanza kupatikana Afrika Kusini mwaka 1867 na wingi wake ukaongezeka, wauzaji wakatafuta namna ya kulitoa jiwe nje. Mwaka 1886 duka la Tiffany la New York lilitoa pete yenye makucha sita yanayolinyanyua jiwe juu ya duara, mwanga ukaingia kila upande. Picha ya pete ya uchumba iliyomo vichwani mwetu, Karagwe na kwingineko, ni hiyo ya 1886.

Mwaka 1947 uliikaza picha hiyo, na Tanganyika ilikuwamo. Frances Gerety, mwandishi wa matangazo huko Marekani, aliitungia kampuni ya almasi ya De Beers kauli kwamba almasi ni ya milele. Oktoba ya mwaka huohuo, katika mgodi wa Mwadui uliogunduliwa na Mkanada John Williamson mwaka 1940, lilipatikana jiwe la waridi la karati 54.5. Williamson alimpa jiwe hilo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake ya Novemba. Likachongwa London hadi karati 23.6. Halikuingia kwenye pete: mwaka 1953 Cartier waliliweka katikati ya ua la almasi nyeupe, bruchi ya kubana kifuani. Pete ya uchumba ya Elizabeth ilikuwa tayari kidoleni, imetengenezwa kwa almasi zilizong'olewa katika taji la mama mkwe wake. Mawe yale yalibadilishiwa kishikio tu yakawa kitu kipya. Jiwe zuri huishi kuliko pete yake, na anayerithi almasi ya bibi hana sababu ya kuona vibaya kuipeleka kwa sonara iundiwe upya.

Sasa tutazame mkono. Mwanamke wa Nyaishozi humenya ndizi, huchuma kahawa, hushika jembe la maharage. Hata akiwa mwalimu au muuguzi, Jumamosi yumo shambani. Makucha sita marefu hunasa uzi wa khanga, hujaa udongo, na siku moja hugonga mpini wa jembe. Almasi ni ngumu kuliko kitu chochote utakachokutana nacho shambani, lakini hupasuka ikigongwa mahali pabaya, hasa kwenye ncha za mawe ya mraba au ya umbo la tone. Kwa mkono wa namna hii mimi nasimama upande wa ukingo: utepe wa dhahabu unaolizunguka jiwe lote na kukaa chini karibu na kidole. Siku hizi ukingo huachwa wazi kwa chini, hivyo lile giza la zamani limepungua sana. Vijiwe vidogo vilivyotapakaa mzunguko mzima ningeviepuka. Kila kimoja kinashikwa na chembe ya dhahabu, na kikidondoka kwenye majani ya mgomba hakionekani tena.

Dhahabu yenyewe isiwe safi mno. Ya karati 24 ni laini, makucha yake hupinda. Ya 18, yenye asilimia 75 ya dhahabu, inatosha. Dhahabu nyeupe mara nyingi huchanganywa na nikeli, madini ambayo huwawasha baadhi ya watu ngozi.

Limebaki suala la ukarabati. Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi 2012, inajulikana kwa madini ya bati. Bati likichanganywa na risasi hutoa waya ambao fundi redio hutumia kuungia nyaya. Pete ikikatika, usikubali iungwe kwa waya huo. Ikipashwa moto tena, bati na risasi huila dhahabu na kuiachia vishimo, nayo huwa rahisi kuvunjika. Ufa huungwa kwa dhahabu iliyochanganywa ili iyeyuke mapema kidogo kuliko pete, na sonara anayejua kazi atakuonyesha kipande hicho kabla ya kuwasha moto.